Alge za Roswell na swali la juri

Siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, mzee mmoja wa juri aliniuliza kitu kimoja tu: "Sasa ile kaboni, nyuma ya pale inaenda wapi?" Nilikuwa nimesifu alge kurasa mzima mzima: vile vitu vya kijani vinavyoota juu ya maji yenye kulala, namna vinakula gazi kaboniki kwa mwangaza wa jua. Nilinyamaza. Points walinipa, lakini swali lilibaki, na ndilo lilinifanya nisome historia niliyopashwa kusoma mbele.

Historia yenyewe iko Marekani. Katika miaka ya 1950, William Oswald wa chuo kikuu cha Berkeley alisafisha maji machafu kwa alge, ndani ya mabwawa yasiyo na kina. Mwaka wa 1960, yeye na Clarence Golueke waliandika kwamba alge hizo zinaweza kuozeshwa zitoe gazi ya kuwashia umeme, na moshi wake urudishwe bwawani kulisha alge zingine. Kazi nzuri, lakini petroli ilikuwa bei ya chini, nani angejali? Ikaja shida ya petroli ya 1973, na mwaka wa 1978, chini ya Rais Jimmy Carter, serikali ikafungua programu nzima ya alge.

Walikusanya aina karibu 3,000. Walijaribu California na Hawaii, kisha Roswell, ndani ya jangwa la New Mexico, kwa maji ya chumvi ya chini ya udongo, ili wasinyang'anye wakulima maji matamu. Mabwawa mawili, kila moja mita za mraba 1,000, gurudumu linazungusha maji, gazi kaboniki inapulizwa ndani. Alge zilimeza zaidi ya asilimia 90 ya ile gazi. Kumeza, zilimeza kweli! Ila baridi ya Roswell ilizizuia kukua, na hesabu ya bei ilikataa. Mwaka wa 1996 programu ikafungwa.

Lakini angalieni: lengo lilikuwa mazutu. Alge inakuwa mazutu, mazutu inaungua ndani ya lori, na kaboni inatokea kwa bomba. Faida iko, juu moshi wa makaa ya mawe unatumika mara mbili. Kufungiwa, haikufungiwa.

Jibu la yule mzee liko kwetu, Muanda, ndani ya mikoko iliyowekwa chini ya ulinzi wa parke mwaka wa 1992. Mikoko haina haraka ya alge. Lakini majani na mizizi yake inazama ndani ya potopoto isiyo na hewa, haiozi upesi, na kaboni inalala pale miaka mamia. Mtu akikata mikoko achome makala, na potopoto ikapata hewa, ile kaboni inaamka.

Mwenzetu aliyefanya kazi Muanda aniandikie hapa chini: sasa hivi wanakata kiasi gani?