Staringi Hafi

Muvi ya kwanza ya Kihindi niliiona Mwingi, kwenye kibanda cha mabati, kiingilio shilingi kumi. Sauti tuliyoisikia haikuwa ya Amitabh Bachchan. Ilikuwa ya DJ Afro, akitusimulia kwa Kiswahili cha mtaani nani adui na nani staringi. Sheria tuliijua wote: staringi hafi.

Nilipoacha chuo, mjomba alinikumbusha sheria hiyo. "Tulia, kijana. Staringi hafi."

Basi nikaenda kuisoma historia ya staringi mwenyewe. Bachchan alianza na Saat Hindustani mwaka 1969, akiwa na miaka 27. Baada ya hapo filamu zake nyingi zilianguka. Anand ya 1971 ilimletea sifa, lakini staa wake alikuwa Rajesh Khanna. Kufikia 1973, waigizaji wakubwa, Dharmendra na Dev Anand wakiwemo, walikuwa wameikataa Zanjeer. Waandishi wake, Salim Khan na Javed Akhtar, walikuwa wamemwona Bachchan kwenye Bombay to Goa ya 1972: anapigwa ngumi, anaanguka, anainuka bado anatafuna chingamu. Wakasema ndiye huyu. India ya wakati huo bei zilikuwa zinapanda na vijana wenye digrii hawana kazi. Polisi mwenye hasira wa Zanjeer aliwasemea.

Halafu ukaja 1975, mwaka wa Deewaar na Sholay, filamu zilizomfanya mfalme. Katika zote mbili, anakufa.

Nilimwambia mjomba haya tukiwa Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, miaka 25 baada ya reli kufika Kisumu. Hapo msafiri yeyote hulishwa bure, na sisi tulikuwa na njaa ya barabara ya Mombasa. Nikamwambia sheria yetu ni ya uongo, na kwamba bila wale waandishi wawili, huenda leo tusingelijua jina la Bachchan.

Mjomba alikata chapati, akachovya kwenye dengu.

"Sawa," akasema. "Lakini walimwona kwa sababu alikuwa bado anaigiza. Wewe umeandika nini mwezi huu?"

Sikuwa nimeandika kitu. Hii ndiyo ya kwanza.