Gitaa la akiba lilikuwa mtu

Mpiga gitaa anayepanda jukwaani na magitaa mawili, moja begani na jingine likimsubiri nyuma yake, anafuata desturi ambayo muziki wa dansi wa Tanzania haukuwa nayo enzi za fahari yake. Wengi watasema ni umaskini. Naona chanzo hasa ni umiliki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi; polisi, jeshi na viwanda navyo vikawa na bendi zao. Mwanamuziki alilipwa mshahara, vyombo vikawa mali ya mwajiri. Ndiyo maana historia ya dansi imejaa watu wanaohama huku vyombo vikibaki. Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978 ilichota wapigaji kutoka bendi nyingine. Mwaka 1985 wanamuziki wake Muhiddin Maalim na Abel Balthazar nao wakaiacha, wakaenda International Orchestra Safari Sound. Aliyehama alibeba sauti yake na vidole vyake. Asiyemiliki gitaa la kwanza angemiliki vipi la pili?

Na mwajiri je, mbona hakuweka la akiba? Kwa hesabu yake, gitaa la ziada lilikuwa nafasi ya mpigaji mwingine. Bendi kubwa ilikuwa na solo, solo la pili, ridhimu na besi, na wanamuziki wa kutosha kupokezana usiku kucha. Uzi wa solo ukikatika katikati ya chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, magitaa mengine yaliendelea kuubeba wimbo na wachezaji hawakuacha kucheza. Mjuzi atapinga kwamba wingi huo ulitokana na rumba ya Kongo, ukatafutwa kwa ajili ya utamu wa nyuzi zinazojibizana, si kwa hofu ya uzi kukatika. Ni kweli, na sidai vinginevyo. Lakini kilichowekwa kwa ajili ya utamu kilileta pia usalama, na penye usalama hakuna aliyehangaika kuutafuta kwingine.

Hoja ya umaskini ina uzito wake: baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vyombo vilitoka nje. Hata hivyo, B.B. King, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, naye alikuwa kijana wa kipato kidogo mwaka 1949, ukumbi aliokuwa akipigia huko Twist, Arkansas, uliposhika moto. Alikwisha kutoka salama, akarudi ndani ya moto kulifuata gitaa lake. Hasara ingekuwa yake peke yake. Wasiwasi huo wa mwenye mali ndio uliokosekana kwetu, nao ulikuja bendi za mashirika zilipodhoofika na mpigaji akaanza kujinunulia chombo. Wakati huohuo kinanda kilichukua nafasi ya solo la pili, pengine na ya ridhimu pia. Gitaa likabaki moja jukwaani, na uzi wake ukikatika hakuna mwenzake wa kulipokea.