Keya na kofia ya pama
Keya, yaani King's African Rifles, lilikuwa jeshi la mfalme wa Uingereza Afrika Mashariki, lililoundwa 1902. Katika nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya, lilifika kwanza kama adui: liliwapiga mwaka 1905, kisha 1908 baada ya Mgusii Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali ya Uingereza. Septemba 1914 likapambana na Wajerumani papo hapo Kisii. Enzi hizo askari wake walivaa tarbushi. Pama ya ukingo mpana, waliyoivaa baadaye, ilipata sifa Burma mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Keya, iliposhuka bonde la Kabaw hadi Kalewa katika mvua za monsuni. Huko tarbushi, pamoja na madaha yake yote, isingemfaa mtu.