Neno la siri ni lile lile, kufuli ndilo limebadilishwa

Leo siandiki kuhusu mbolea wala viwavijeshi.

Juni 2022 kikundi kimoja cha wauza maharage hapa Kasulu kilipoteza oda ya gunia 120. Mnunuzi aliwatumia barua pepe Jumanne, akataka jibu kabla ya Ijumaa jioni. Kompyuta ya kikundi, iliyokuwa ikipokea barua za Gmail kupitia programu ya Outlook ya zamani, ikawa inaomba neno la siri kila wakati. Katibu akaandika, ikakataa. Akaandika tena polepole, herufi moja moja, ikakataa. Wanachama wakaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya, kwamba kabadilisha neno la siri ili asome barua peke yake. Jumatatu iliyofuata kijana mmoja akajaribu kwenye simu yake, kwa neno la siri lile lile. Ikafunguka. Oda ilikuwepo, na muda wake ulishapita.

Waliniita mimi nikatazame. Sikuwa na jibu siku hiyo, ikabidi nikasome. Nilichokuta ni historia ndefu kidogo, na naamini ukiijua hutamtuhumu mtu bure.

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao ilitumwa mwaka 1971 na Mmarekani Ray Tomlinson, ambaye ndiye aliyechagua ile alama ya @. Watumiaji walikuwa wachache na walifahamiana, kama kijiji ambacho mlango unafungwa kwa kamba tu ili mbuzi wasiingie. Utaratibu wa kutuma barua, SMTP, uliandikwa mwaka 1982 bila hata sehemu ya kuuliza neno la siri. Ule wa kupokea, POP3, ulitoka mwaka 1988. Huo uliuliza, lakini neno la siri lilisafiri wazi njia nzima. Aliyeweza kuchungulia njiani aliweza kulisoma.

Huku kwetu mambo haya yalifika kwa mlango wa wakimbizi. Warundi waliingia kwa wingi mwaka 1993, Wakongo wakafuata 1996 na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mashirika ya misaada yalikuja na redio za masafa marefu na madishi ya satelaiti. Intaneti ya satelaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua, kwa hiyo programu ya barua kwenye kompyuta ilikuwa na maana sana: unaunganisha, unavuta barua zote, unakata, kisha unasoma na kujibu bila kulipia muda. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na hata baada ya hapo mazoea hayo yaliendelea. Vikundi vingi vilipata kompyuta zilizokwishatumika maofisini, programu ikiwa ndani na mipangilio yake ya zamani. Tulirithi mashine pamoja na makufuli yake.

Wenzetu huko nje walikuwa wanabadilisha makufuli. Kampuni ya Netscape ilileta SSL mwaka 1995, njia ya kufunga mazungumzo ya kompyuta mbili kwa fumbo ili wa njiani asielewe. Mwaka 1999 ikafuata TLS, toleo la 1.2 likatoka 2008, na la 1.3 mwaka 2018. Mwaka 2014 watafiti wa Google walionyesha kwamba SSL ya mwisho inaweza kuvunjwa. Machi 2021 matoleo ya TLS 1.0 na 1.1 nayo yakatangazwa rasmi kuwa yamestaafu. Windows XP haikuwahi kujifunza TLS 1.2. Windows 7 inaijua, lakini Outlook iliyomo huendelea kutumia ile ya zamani mpaka mashine ipate masahihisho. Hapo hutaulizwa neno la siri. Utaambiwa tu kwamba imeshindwa kuunganisha na seva.

Namba za milango, wengine huziita poti, nazo zilihama. Zamani barua zilipokelewa kwa mlango wa 110 au 143 na kutumwa kwa 25. Milango yenye kufuli ni 995 au 993 kwa kupokea, na 465 au 587 kwa kutuma. Ile 465 ina kisa chake: ilitengwa miaka ya 1990, muda mfupi baadaye ikafutwa, kisha mwaka 2018 ikarudishwa kuwa njia inayopendekezwa. Ndiyo maana fundi mmoja atakwambia 465 imepitwa na wakati na mwingine akwambie ndiyo hasa. Wote walisoma mahali.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ni wa kwetu zaidi. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilipata umeme wa jenereta za dizeli, mpaka gridi ya taifa ilipotufikia mwaka 2022. Kompyuta ya mezani ikikaa bila umeme mara kwa mara, ile betri yake ndogo ya duara kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, inachoka na saa inarudi miaka ya nyuma. Seva nayo huonyesha cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani leo ni mwaka 2009 itakikataa cheti hicho kwa kuwa hakijaanza kutumika. Nimeona watu wakifuta programu yote na kuiweka upya kwa sababu ya saa. Ukiona neno cheti kwenye ujumbe wa kosa, tazama tarehe kwanza.

Sasa nirudi kwa kikundi chetu. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzima njia ya programu za nje kuingia Gmail kwa jina na neno la siri la kawaida peke yake. Programu mpya, pamoja na ile ya Gmail ya kwenye simu, zinakupeleka kwenye ukurasa wa Google wenyewe, unaingia pale, kisha programu inapewa kibali chake. Outlook yao haikujua kibali. Ilijua kupeleka neno la siri tu, na seva ikawa inalirudisha hata likiwa sahihi. Microsoft nayo ilianza kufanya hivyo kwa barua za maofisi Oktoba mwaka huo huo.

Kwa hiyo programu ikikuomba neno la siri tena na tena, acha kubahatisha. Ingia kwanza kwa kivinjari au simu. Ikifunguka huko, neno lako ni zima. Weka programu mpya inayojua kibali, kwa mfano Thunderbird, ambayo ni bure. Au washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha Google itakupa neno la siri maalumu la programu, herufi 16, uliweke badala ya lile la kawaida. Ukibadilisha neno la siri la akaunti, hayo ya herufi 16 hufutika na utatengeneza upya. Na hakikisheni namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ni ya kiongozi aliyeko, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha utakwenda kwake. Kikundi hiki kiliandikisha namba ya katibu aliyehamia Mpanda, tukamtafuta siku nne.

Mweka hazina aliombwa radhi kwenye mkutano wa Julai. Maharage yaliuzwa kwa walanguzi, gunia kwa gunia, kwa bei waliyoitaka wao. Mwenye kompyuta inayosumbua aje nayo ofisini Alhamisi asubuhi, na asisahau chaja.