Matundu Machache, Vifaa Vingi: Historia Fupi ya USB kwa Walimu wa Lugha

Wasomaji wetu walioanza kutumia kompyuta kabla ya mwaka 2000 wanakumbuka jinsi mgongo wa mashine ile ulivyokuwa. Palikuwa na tundu pana la pini 25 kwa ajili ya printa, tundu la pini 9 kwa ajili ya modemu, tundu la duara la kibodi, na jingine linalofanana nalo kabisa la kipanya. Mtu akikosea akachomeka kipanya mahali pa kibodi, vyote viwili vilikataa kazi, na mara nyingi ilibidi mashine izimwe na kuwashwa upya. Baadaye watengenezaji wakayapaka rangi, zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya, ili watu wapunguze kukosea.

Leo mwalimu anaingia darasani na kompyuta mpakato yenye matundu mawili, pengine moja, huku akitaka kuchomeka kipanya, flashi, kinasa sauti, diski ya nje na projekta. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyofika hapa, na kwa nini tundu likiwa wazi bado kifaa chaweza kushindwa kufanya kazi. Tuseme mapema kuhusu istilahi: baadhi ya wanafunzi wetu, wakiifuata kamusi kwa utii mno, huandika ‘bandari’ wanapotaka kutaja mahali pa kuchomeka waya. Bandari tunawaachia mabaharia. Sisi tutasema tundu, kama wasemavyo mafundi.

Matundu yale ya zamani hayakubuniwa pamoja. Utaratibu wa RS-232, ambao ndio uliozaa tundu la modemu, ulitolewa Marekani mwaka 1960. Tundu la printa lina asili yake katika printa za kampuni ya Centronics za mwaka 1970. Yale ya duara ya kibodi na kipanya yaliletwa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2. Kila kizazi kiliongeza tundu lake juu ya yale ya waliotangulia, na hakuna aliyethubutu kuondoa la mwenziwe.

Kwenye kompyuta ya mezani hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Kompyuta mpakato ndiyo iliyoumia. Mwaka 1992 Apple ilitoa PowerBook Duo, mashine nyembamba iliyobakiziwa tundu moja tu la printa au modemu. Mengine yote yalihamishiwa kwenye sanduku la mezani ambalo mashine ilisukumwa ndani yake kama kanda ndani ya kinasa sauti. Kwa hiyo wanaolalamika kwamba upungufu wa matundu ni ujeuri wa kampuni za siku hizi wamechelewa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Januari 1996 ndipo USB ilipotangazwa. Kampuni saba zilikuwa zimeshirikiana: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Miongoni mwa wahandisi wake anatajwa sana Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Lengo lilikuwa kwamba kila kifaa kitumie tundu la umbo moja, kichomekwe mashine ikiwa inafanya kazi, na kitambuliwe chenyewe. Mwanzoni mambo hayakwenda sawa. Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani wakati msaidizi wake alipochomeka skana kwenye kompyuta yenye Windows 98. Skrini nzima ikageuka bluu, mashine ikafa mbele ya hadhira, naye Gates akatania kwamba hiyo ndiyo sababu programu ile ilikuwa haijaanza kuuzwa. Miezi michache baadaye, Agosti 1998, Apple ilianza kuuza iMac, ambayo matundu yake ya zamani ya kibodi, kipanya na printa yalikuwa yameondolewa na USB kuwekwa badala yake. Watengenezaji wa printa na vipanya wakalazimika kufuata.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba USB ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya matundu machache. Muundo wake ni wa mti: kompyuta ni shina, na matawi hutokea kwenye kijisanduku cha kugawa matundu ambacho wauzaji hukiita habu. Habu si kiraka kilichobuniwa baadaye. Imo katika kanuni za mwaka 1996. Kila kifaa hupewa namba, na namba zilizopo ni 128, kuanzia sifuri hadi 127. Sifuri haimilikiwi na yeyote. Hutumiwa na kifaa kilichochomekwa sasa hivi, kama mtoto ambaye bado hajapewa jina, mpaka kompyuta ikipatie namba yake. Hivyo vifaa 127, habu zikiwa zimehesabiwa, vyaweza kuning’inia kwenye shina moja.

Kwa hesabu hiyo mwalimu mwenye vifaa vitano hana cha kuogopa. Tatizo liko kwenye umeme. Chini ya kanuni za USB 2.0, za mwaka 2000, tundu moja la kompyuta hutoa miliampea 500 kwa volti 5. Habu isiyo na adapta yake hupokea hizo 500, hubakiza kiasi kwa matumizi yake, kisha huruhusiwa kutoa miliampea 100 tu kwa kila tundu. Ndiyo sababu habu nyingi za namna hii zina matundu manne: mara nne mia, na kinachobaki ni cha habu yenyewe. Kipanya hutosheka na kiasi hicho. Diski ya nje yenye sahani inayozunguka haitosheki, hasa pale inapoanza kuzunguka. Habu za bei nafuu hazifuati hata mgawo huo. Huacha vifaa vigombanie kilichopo.

Somo hili sisi tulilipata kwa gharama. Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikuwa amewarekodi wazee waliostaafu kazi ya reli, ili kuchunguza Kiswahili walichokizungumza kazini. Tulikuwa tukihamisha rekodi hizo kutoka kwenye kinasa sauti hadi kwenye diski, na vyote, pamoja na kipanya na flashi, vilikuwa kwenye habu moja isiyo na adapta. Diski ikaanza kutoa mlio wa tik, tik, ikapotea kwenye skrini, ikarudi, ikapotea tena. Tulidhani ni waya, tukauchomoa na kuuchomeka mara kadhaa. Kosa kubwa zaidi ni kwamba tulikuwa tunahamisha badala ya kunakili, kwa hiyo kinasa sauti kilikuwa kinajifuta kadiri kazi ilivyoendelea. Fundi aliokoa sehemu ya rekodi. Za mzee mmoja hazikupatikana, na tulipomtuma mwanafunzi arudi kwake, alikuta matanga.

USB 3.0 ya Novemba 2008 iliongeza umeme hadi miliampea 900, na tundu la USB-C lililotangazwa 2014 linaweza kupitisha umeme wa kuichaji kompyuta yenyewe pamoja na picha za projekta. Mwaka uliofuata Apple ilitoa MacBook yenye tundu moja la aina hiyo kwa kila kazi, likisindikizwa na la vipokea sauti tu. Umoja wa Ulaya nao umelifanya kuwa sharti kwa simu zinazouzwa humo tangu Desemba 28, 2024, na kwa kompyuta mpakato ukapanga Aprili 28, 2026. Umbo sasa ni moja, lakini kazi si moja: tundu moja hutoa picha, jingine la umbo hilo hilo halitoi, na kwa macho mara nyingi huwezi kuyatofautisha. Zamani angalau zambarau haikuingia kwenye kijani bila wewe kujua.

Idarani kwetu sasa tuna habu yenye adapta yake, na kipanya, kibodi na printa huchomekwa humo. Hata hivyo, diski ya rekodi hatuiweki hapo. Umeme unapokatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake, lakini adapta ya habu huzima papo hapo, na diski iliyo katikati ya kuandika huachwa bila umeme wa kutosha. Diski huchomekwa kwenye kompyuta yenyewe, rekodi hunakiliwa, na kinasa sauti hakifutwi mpaka watu wawili wamezisikiliza nakala zote mbili.