Vitunguu Kwanza

Harusi za Mji wa Kale, Mombasa, zilipikwa kabla ya siku yake. Kwetu Kibokoni vitunguu vilitoka Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914, na wanawake wa mtaa wakaja kumenya uani, kila mmoja na kisu chake. (Machozi yale hayakuwa ya kumlilia biharusi.) Mamangu alivikaanga siku mbili mapema hadi vikawa vyekundu, akavitandaza kwenye sinia vipoe, maana vikifunikwa vingali moto hulainika na kuharibu biriani. Visheti vilikuwa vimeshatiwa mikebeni, achari ya ndimu imekolea chupani.

Biriani asili yake Bara Hindi, lakini pwani yetu masala hupikwa mbali na wali, na hapo ndipo kazi ilipopungua: masala yalitokota usiku wa kuamkia harusi, mchele ukangoja alfajiri. Wageni walikula sinia moja watu wanne au watano.

Siku hizi wengi huagiza kwa mpishi wa kukodi. Si vibaya. Muulize tu vitunguu kavikaanga lini. Akisema asubuhi ile ile, tafuta mwingine.