Geti linakwama kila mvua ikinyesha? Usikimbilie oili, anza kuangalia chini

Mvua imepiga usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi unataka kutoka na gari, geti halifunguki. Unasukuma kwa bega, wapi. Mtoto anachelewa shule. Jirani anakuja, mnainua upande mmoja kwa pamoja, linaachia. Jioni unapaka oili kwenye bawaba na maisha yanaendelea, mpaka mvua nyingine.

Kama unakaa Kiseke, Buswelu, Nyasaka, Pasiansi au kwingine Ilemela, habari hii unaijua. Wengi tunaichukulia kama usumbufu mdogo tu. Lakini geti lililoanza kukwama linakupa taarifa, na mara nyingi taarifa hiyo inatoka chini: kwenye msingi wa nguzo, kwenye kingo ya chini ya geti au kwenye reli. Oili haitibu hapo.

Hapa tunazungumzia zaidi geti la chuma, kwa sababu ndilo lililopo kwenye nyumba nyingi za huku. Ukisema gereji, wengi wanawaza fundi magari. Lakini kama nyumba yako ina banda la gari lenye mlango wa chuma unaojiviringisha juu, kama ule wa fremu za maduka, na wewe una sehemu yako hapa chini.

Kwanza, jua unachosukuma kina uzito gani

Bati la chuma lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 7.85 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua geti la kawaida la kupitisha gari: upana mita 4, urefu mita 2, bati la milimita 1.5. Bati peke yake ni kama kilo 94. Ongeza fremu ya paipu, unavuka kilo 130. Hiyo ni karibu mifuko mitatu ya saruji imesimama wima, na mwanao anacheza pembeni yake.

Sasa weka upepo. Geti lililozibwa lote kwa bati linashika upepo kama tanga la mtumbwi. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unalisukuma geti hilo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50. Upepo ukiongezeka mara mbili, kufika kilomita 72 kwa saa, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Inakaribia kilo 200. Mzigo wote huo unabebwa na bawaba chache na nguzo mbili.

Ndiyo maana geti bovu si suala la kelele tu. Likitoka kwenye bawaba au kwenye reli, mtoto hawezi kulizuia, na hata mtu mzima hawezi.

Kwa nini Mwanza geti linaozea chini

Dar es Salaam na Tanga wana chumvi ya bahari inayokula chuma kwa haraka. Ziwa Victoria lina maji baridi, kwa hiyo chumvi si tatizo letu. Tatizo letu ni unyevu na maji yanayotuama.

Kutu inahitaji vitu vitatu tu: chuma, maji na hewa. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye bati mpaka kwenye kingo ya chini. Kama paipu ya chini haina tundu la kutolea maji, maji yaliyoingia kupitia sehemu ambazo hazikuchomelewa vizuri yanakaa humo ndani wiki nzima. Nje rangi inang'aa, ndani paipu inaliwa. Ukija kuona kidonda kwenye rangi, kazi ilishafanyika zamani.

Kutu pia inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Ndiyo maana rangi inavimba na kupasuka, na pini ya bawaba inabana hata kama hakuna kilichopinda.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Viwanja vingi vya Ilemela viko kwenye miteremko ya vilima vya mawe. Maji ya mvua yanashuka kwa kasi, yanabeba mchanga, na geti liko upande wa barabara, mara nyingi sehemu ya chini kabisa ya kiwanja. Maji yakipita hapo kila msimu yanachimba udongo pembeni ya nguzo. Sehemu za tambarare zenye udongo mweusi wa mfinyanzi kuna shida nyingine: udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nguzo yenye msingi mfupi inasogea nao. Geti linalokwama wakati wa mvua na kufunguka vizuri kiangazi, mshuku kwanza huyo.

Jaribio la dakika tano

Huhitaji fundi kwa hili. Fanya siku ambayo hakuna upepo, watoto wakiwa mbali.

1. Funga geti, simama mbele yake. Kama lina milango miwili, angalia nafasi iliyo katikati. Ikiwa milango inagusana juu huku chini kuna nafasi, kuna nguzo iliyolala au bawaba ya juu iliyoachia.

2. Fungua mlango mmoja nusu, uachie taratibu. Ukitembea wenyewe, nguzo haijasimama wima. Thibitisha kwa pima maji au timazi. Kamba yenye jiwe dogo inatosha.

3. Shika ncha ya mlango iliyo mbali na nguzo, jaribu kuinua kidogo. Ukisikia bawaba zinacheza, pini imelika au sehemu iliyochomelewa imeanza kupasuka. Angalia kwa karibu kama kuna ufa.

4. Gonga kingo ya chini kwa bisibisi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima kina mlio mkali. Mlio ukififia, au bisibisi ikazama, hapo pameoza.

5. Kwa geti la kusukuma pembeni, tafuta vizuizi vya mwisho, vile vipande vya chuma vinavyolizuia lisipitilize reli. Kama hakuna, au kimoja kimeng'oka, acha kulitumia mpaka kirudishwe. Angalia pia zile rola za juu zinazolishikilia lisianguke upande. Hii ndiyo sehemu ya kuokoa maisha.

Matengenezo unayoweza kufanya mwenyewe

Reli. Zoa mchanga na kokoto kwa ufagio mgumu kila wiki wakati wa mvua. Usipake grisi kwenye reli. Grisi inashika mchanga, na mchanga wenye grisi unasaga magurudumu kama msasa. Grisi ni ya bawaba, na ya beringi za magurudumu kama zina sehemu ya kuwekea.

Bawaba. Futa uchafu wa zamani kwanza, ndipo upake grisi mpya. Oili chafu ya gari inafanya kazi siku mbili tatu, kisha inakusanya vumbi.

Tundu la kutolea maji. Kama paipu ya chini haina, toboa matundu madogo upande wa chini, ya milimita 8 hivi, moja kila mwisho na moja katikati. Maji ya kahawia yakimwagika, umeshapata jibu la swali lako. Paka rangi kwenye kingo za matundu.

Kutu ya juujuu. Kwangua kwa brashi ya waya kisha msasa mpaka chuma kionekane. Futa vumbi. Paka rangi ya awali ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya kahawia ambayo mafundi wanaiita redoksaidi, siku hiyohiyo. Ukiacha chuma kitupu kilale nje usiku mmoja, umande wa ziwani utaanza kazi upya. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mara mbili. Anza baada ya umande kukauka asubuhi. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika tu, inaendelea kula chini kwa chini.

Kazi za kumwachia fundi

Nguzo iliyolala. Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Fundi anakuja, anasema, "Bosi, nikuwekee bawaba mpya tu, kazi imeisha." Anakata bawaba, anazihamisha, geti linafunga vizuri. Msimu unaofuata limelala tena, kwa sababu nguzo bado inatembea. Muulize kabla hajawasha mashine: nguzo imesimama wima? Kama hapana, anzeni na msingi, mmwage zege kwa kina cha kutosha, na mtengeneze mfereji wa kupeleka maji mbali na nguzo. Zege liachwe likomae kabla ya kurudisha uzito wa geti.

Kingo iliyooza. Kubandika kiraka juu ya chuma kilichooza hakusaidii, kwa sababu kiraka kinachomelewa kwenye kitu kisicho na nguvu. Sehemu mbovu ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, paipu mpya iwekwe, na maungio yachomelewe pande zote maji yasipate pa kuingilia.

Wakati wa kuchomelea, watoto wasikae kuangalia ule mwanga, unaunguza macho hata kwa mbali kidogo. Kama paipu imepakwa zinki, moshi wake una madhara. Kazi ifanyike pahali penye hewa. Na kama geti lina mota, zima umeme na utenganishe mota na betri yake kabla ya kuchomelea, la sivyo unaweza kuunguza saketi kwa kazi ya dakika kumi.

Mlango unaojiviringisha. Juu yake, ndani ya ile ngoma, kuna springi iliyokazwa kwa nguvu sana. Ndiyo inayokusaidia kuinua mlango mzito kwa mkono mmoja. Ukiona mlango umekuwa mzito ghafla, umekwama nusu, au umesikia mlio mkubwa juu, springi inaweza kuwa imekatika. Usiulazimishe, usifungue bolti yoyote, usipite chini yake. Springi ikiachia inaweza kuvunja mkono. Hiyo si kazi ya kujifunza mtandaoni.

Ukiulizwa umpate wapi fundi, anza na aliyetengeneza geti la jirani ambalo lina miaka kadhaa na bado linafunga vizuri. Vijana waliosoma uchomeleaji VETA wapo mtaani pia. Kabla ya kukubaliana, andikianeni unene wa bati na wa paipu. Tofauti ya milimita 1 na 1.5 huioni kwa macho ikishapakwa rangi, lakini utaiona baada ya misimu kadhaa.

Kabla ya mvua na radi

Mwanza ina misimu miwili ya mvua: vuli, takriban Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho wakati mzuri wa kukwangua na kupaka rangi. Februari rudia lile jaribio la dakika tano.

Ziwa letu ni moja ya maeneo yenye radi nyingi sana duniani, na nyingi hutokea usiku na alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji. Kama geti lako ni la mota:

Chomoa umeme wa mota ukiona wingu zito linakuja. Kuzima swichi peke yake kunaweza kusitoshe radi ikipiga karibu.

Weka kifaa cha kuzuia umeme kupanda ghafla. Kinasaidia pia TANESCO wanapokata na kurudisha.

Jua funguo ya kulifungua kwa mkono ilipo, na kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue kuitumia, dada wa kazi akiwemo. Umeme ukikatika usiku huku kuna mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, si wakati wa kutafuta funguo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari ya upepo mkali, funga geti na komeo la chini linaloingia ardhini, si lile la katikati pekee. Geti lililoachwa nusu wazi ndilo upepo unaling'oa.

Mwisho, sheria moja ya nyumbani isiyo na mjadala: geti si bembea. Watoto wasiningʼinie, wasipande, wasilisukume wakikimbizana. Na ukiona halitembei kama jana, usiongeze nguvu. Simama, inama, angalia chini.